Homa ya Baridi Yabisi

Mvua ya Kakamega huwanyeshea watoto wengi waendao shuleni, na mmoja wao akivimba goti, mvua ndiyo hulaumiwa. Lakini homa ya baridi yabisi haitokani na mvua. Asili yake ni koo. Vijidudu viitwavyo streptokoki hulishambulia koo la mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15. Koo hupona, naye hurudi kucheza. Kisha baada ya majuma mawili au matatu, nguvu za mwili zilizopigana na vijidudu hukosea na kuushambulia mwili wenyewe.

Homa hupanda, na maumivu huhama: leo goti, kesho kifundo cha mguu. Wengine hutikisika mikono na uso pasipo kutaka, wakadhaniwa wamerogwa, au wakaadhibiwa shuleni kwa mwandiko mbaya. Viungo hupona hata visipotibiwa, na hapo ndipo watu hudanganyika, maana milango ya moyo ipitishayo damu huweza kubaki na makovu. Miaka mingi baadaye mtu huyo hushindwa kupalilia miwa yake kwa kuhema, na mwanamke huwa hatarini akishika mimba.

Hakuna kipimo kimoja kitoshacho kuutambua ugonjwa huu. Daktari hukusanya dalili kwa kanuni alizoziandika T. Duckett Jones wa Marekani mwaka 1944, zilizorekebishwa mwaka 2015. Hupima damu na kuusikiliza moyo. Malaria na selimundu nazo huleta homa na maumivu, kwa hiyo yafaa mzazi aeleze yote, hata lile koo lililokwisha sahauliwa.

Aspirini, kwa amri ya daktari, hutuliza viungo, lakini haiulindi moyo. Kinga ni sindano ya penisilini kila baada ya majuma 3 au 4, kwa muda usiopungua miaka 5, na miaka 10 au zaidi ikiwa moyo umeguswa, kwa kuwa kila shambulio jipya huongeza makovu. Sindano yenyewe inauma, na nauli ya kutoka Malava au Shinyalu si kitu kidogo kwa mkulima. Ni vyema kuuliza kama zahanati ya karibu yaweza kuitoa. Wako wazazi waiachao mara waonapo mtoto amenenepa, nao hawajui ya kuwa ndiyo iliyomfikisha hapo.

Si kila koo ni la kuogopwa. Lakini koo lenye homa na mafindofindo, pasipo kikohozi wala mafua, lionyeshwe mapema. Penisilini ikianzwa kabla ya siku 9 kwisha, kwa kawaida homa hii haifuati.