MTOTO WA DAWATI LA NYUMA

Wananchi wanapokutana kujenga shule, hesabu huanza na matofali, saruji na mabati. Ni sawa. Lakini ni kamati ngapi zilizowahi kuuliza, kabla msingi haujachimbwa, mtoto wa dawati la nyuma atasoma kwa mwanga gani? Ziko shule za vijijini zisizo na umeme, na hata penye umeme hukatika. Mwanga wa mchana hauna ankara, nasi twaupoteza kwa ukuta uliowekwa vibaya.

Mwanga hupimika. Mwaka 1945 kanuni za majengo ya shule za Uingereza zilitaka darasa lipate angalau asilimia 2 ya mwanga ulioko nje chini ya mbingu ya mawingu. Siku ya mawingu, mtu mmoja asimame uwanjani na kifaa cha kupimia mwanga, mwingine aweke chake juu ya dawati, wasome kwa dakika ile ile. Nje ikiwa laksi 10,000 na dawatini 200, ndiyo hiyo asilimia 2. Asiye na kifaa na akae dawati la nyuma kabisa, macho yake yawe usawa wa macho ya mtoto. Kama dirishani haoni hata kipande cha mbingu, dawati hilo lina giza. Chokaa nyeupe husaidia, lakini haichukui nafasi ya dirisha.

Hatusemi tuige madirisha ya Waingereza. Wao hulitafuta jua, sisi latuchoma. Dirisha likitazama mashariki, jua la saa mbili asubuhi huwapiga watoto machoni, mwalimu hufunga mbao za dirisha, na darasa lenye madirisha makubwa huwa pango. Tumeyaona hayo mara nyingi mno. Hapa petu, karibu na Ikweta, jengo lilale mashariki na magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini, pande zote mbili, yakiwa na upenu wa kutosha. Maana mwezi Juni jua hupita kaskazini, na Desemba kusini. Kuugeuza msingi hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji.

Ulipoanzishwa mwaka 2021 ujenzi wa madarasa 15,000 Tanzania, kazi ilikwenda mbio. Twaipenda mbio hiyo. Lakini ramani moja ikipelekwa kila wilaya, haijui kaskazini ya kiwanja chenu iko wapi. Ninyi mwajua. Basi wanachama mlio katika kamati za ujenzi, fundi akija na kamba na vigingi, mwulizeni jua linatoka wapi kabla hajapigilia kigingi cha kwanza.