Chupa Haina Ahadi

“Baba Mchungaji, ni mimi niliyemuua mume wangu?”

Swali hili niliulizwa na mjane kijana hapa Kisorya, siku ya tatu baada ya mazishi. Alikuwa ameketi mkekani, mtoto amelala mapajani. Mumewe alikuwa mvuvi wa dagaa, na kipaimara nilimfundisha mimi mwenyewe. Usiku mmoja wa giza, upepo ulibadilika ghafla na mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili waling'ang'ania madumu matupu wakaokolewa. Yeye ziwa lilimrudisha siku ya nne.

Kabla ya kuanza msimu huo alikuwa na fedha ya kutosha kitu kimoja tu. Wenzake walimshauri anunue boya la kuvaa. Yeye alinunua chupa ndogo ya mafuta katika mkutano mmoja wa maombi mjini. Aliambiwa apake mafuta hayo mbele ya mtumbwi kila anapotoka, na kwamba chombo kilichopakwa hakizami. Akafanya hivyo kwa uaminifu. Chombo kilipozama, mmoja wa waliomshawishi kununua alikuja msibani na kusema mbele ya watu: mafuta hayana kosa; bila shaka waligombana nyumbani jioni ile, na ugomvi hufukuza upako.

Na kweli waligombana. Waligombana juu ya fedha ya unga.

Wapendwa washarika, naandika kwa sababu ya maneno yale ya msibani. Kifo cha ziwani tunakijua sisi tunaoishi kwenye rasi hii. Tangu utoto tumeona watu wakisubiri ufukweni. Lakini kumchukua mwanamke aliyefiwa, kumbebesha na kifo chenyewe, ili chupa ibaki safi, huo ni uovu. Na uovu huo umeingia kanisani ukiwa umevaa jina la Yesu.

Nataka tuelewe jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi. Aliyenisaidia kuelewa ni kijana mmoja mwaloni, kwenye kibanda cha kuchajia simu. Alikuwa anacheza mchezo wa simu, ule wa askari anayezunguka katika nchi ya kubuniwa akipigana na majitu. Nikamwomba anieleze. Akasema, “Shikamoo Mchungaji. Huyu peke yake hana nguvu. Akiokota pete hii, nguvu zinakuwa mara mbili. Akinunua ngao ile, moto haumchomi. Lakini pete ina sharti, akivunja sharti inazimika.” Nikauliza, je, askari akiwa mwizi? Akacheka: “Pete ni ya aliyeishika.”

Sijapata kusikia maelezo bora ya hirizi. Kwanza, nguvu imo ndani ya kitu. Pili, ni ya anayekishika, awe mwema au mwovu. Tatu, hupatikana kwa kununua, kuokota au kupora. Nne, ina sharti. Wazee wetu waliokuwa wakivaa ngozi iliyoshonwa kiunoni wangeitambua pete ile mara moja. Nasi tunapaswa kuitambua chupa ya mafuta, na maji yanayouzwa kwa lita, na chumvi ya kumwaga mlangoni, na kitambaa cha kuweka chini ya mto. Tumebadilisha ganda, kokwa ni ile ile.

Tena mchezo ule una uaminifu ambao chupa haina. Aliyeutengeneza ndiye aliyeipa pete nguvu, kwa hiyo ukitimiza sharti utaipata kila mara. Katika Ziwa Victoria hakuna aliyewapa mafuta yale kazi ya kuzuia upepo. Na askari wa kwenye simu akifa, kijana anabonyeza kitufe na kuanza upya. Mjane wangu hana kitufe hicho.

Litazameni hasa lile sharti. Tunadhani limewekwa kwa faida ya mnunuzi, kumbe linamlinda muuzaji. Usigombane. Usitie shaka. Usimwambie mtu. Nani kati yetu ataishi mwezi mmoja bila kuvunja mojawapo? Ndiyo maana limechaguliwa hilo. Samaki wakipatikana, ni chupa. Wasipopatikana, ni wewe. Na wewe ukiwa umekufa, ni mkeo. Dawa ya namna hii haiwezi kuonekana imeshindwa hata siku moja, kwa sababu daima kuna mtu wa kulaumiwa.

Msidhani nawasema wengine tu. Mwaka 2011, maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu wenyewe, Ambilikile Mwasapile. Magari yalipanga foleni kwa kilometa nyingi. Kuna wagonjwa waliokufa wakiwa katika safari hiyo, na kuna walioacha dawa za hospitali wakiamini wamepona. Bei ilikuwa ndogo, na sina sababu ya kumhukumu mzee aliyekwisha kulala. Lakini sisi Walutheri hatuwezi kusema ugonjwa huu uko kwa jirani.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika ibada, walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Fikirini maana yake. Kama nguvu imo katika mafuta, basi imo pale yalipomwagwa, na anayechelewa anaikosa. Jirani anakuwa kizuizi kati yangu na baraka yangu. Imani ya namna hiyo humfanya mama mzee awe kitu cha kuruka.

Na njia hiyo ina mwisho wake, nasi wa kanda ya ziwa tunaujua kuliko wengine. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo kwa sababu watu waliaminishwa kwamba viungo hivyo huleta dhahabu mgodini na samaki wavuni. Mwaka 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Kuna atakayesema, “Mchungaji, unalinganisha mafuta ya maombi na mauaji?” Matendo silinganishi. Naonyesha fundisho. Aliyekubali kwamba nguvu imo ndani ya kitu, na kwamba ni ya anayekipata, atamjibu nini yule anayesema kitu chenye nguvu zaidi kimo katika mwili wa mtoto wa jirani? Atabaki kusema kwamba chake ni cha bei nafuu.

Sasa nawajibu wanaonifungulia Biblia. Wananiambia: leso za Paulo ziliponya wagonjwa, Matendo 19. Ni kweli. Lakini someni mstari unaotangulia: mtendaji pale ni Mungu, leso haikutenda. Hatuambiwi kwamba Paulo aliuza hata moja. Kisha endeleeni na sura hiyo hiyo. Wana saba wa Skewa walilichukua jina la Yesu kama hirizi, wakitumia nguvu wasiyoitumikia, na walitoka katika nyumba ile uchi na wenye majeraha. Na Paulo huyo huyo mwenye leso anaandika kwamba alivunjikiwa chombo baharini mara tatu. Kama kitambaa chake kingezuia dhoruba, si angekifunga mlingotini?

Wengine wanataja sanduku la Agano. Soma 1 Samweli 4. Israeli walilibeba sanduku vitani wakidhani kwamba likiwapo, Mungu hana hiari ila kuwashindia. Waliuawa askari 30,000, na sanduku likatekwa. Wengine wanataja nyoka wa shaba. Huyo Mungu mwenyewe alimwagiza Musa amtengeneze, na kwa agizo hilo watu wakaishi. Lakini walipoanza kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia alimvunjavunja, na Biblia inamsifu. Hata kitu kilichoagizwa na Mungu, kikigeuzwa kuwa hirizi, dawa yake ni nyundo.

Kuhusu bei, someni habari za Naamani. Elisha alikataa zawadi zote. Gehazi akamkimbilia mgonjwa aliyepona ili apate fedha na mavazi, akarudi na ukoma. Ningependa sura hiyo isomwe katika kila mkutano wenye meza ya chupa.

Wanaobaki wananiuliza: na sisi je, hatubatizi kwa maji? Hatuwapaki wagonjwa mafuta kama Yakobo anavyoagiza? Swali ni zuri, na kanisa letu lilizaliwa kwa kulijibu. Luther alikulia katika Ukristo wa vitu. Mtawala wake, Frederick wa Saxony, alikuwa na mkusanyiko wa maelfu ya masalio ya watakatifu pale Wittenberg, na aliyeyatembelea na kutoa sadaka aliahidiwa kupunguziwa adhabu. Mwaka 1517 vyeti vya msamaha viliuzwa kama vile chupa zinavyouzwa leo. Luther hakujibu kwa kutupa maji ya ubatizo. Aliuliza: Mungu ameagiza nini, na ameahidi nini? Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo nyote mliikariri, anauliza maji yanawezaje kufanya jambo kubwa hivyo. Jibu lake ni kwamba kazi hiyo haifanywi na maji yenyewe. Inafanywa na Neno la Mungu lililofungamana nayo, na imani inayolishika Neno hilo.

Tofauti iko hapo. Ubatizo una agizo na ahadi. Chupa ina bei. Maji ya ubatizo hayauzwi, na hakuna anayekwenda nayo nyumbani. Hayampi mbatizwa nguvu ya kutumia apendavyo, yanamfanya awe mali ya Mungu. Na ahadi yake haivunjiki kwa sababu mume na mke wamegombana juu ya unga. Ahadi hiyo haisemi kwamba hatutazama. Inasema kwamba hata tukizama, tuko mkononi mwake. Ndivyo yalivyo pia mafuta ya Yakobo: wazee wanaitwa, wanaomba, na Bwana ndiye anayeinua. Hakuna kopo la kuondoka nalo.

Najua mtasema maskini hana kitu, mwache apate faraja yake. Neno hilo nimelisikia hata kwa watumishi wenzangu, na linanikera kuliko yote. Maskini alikuwa na kitu. Alikuwa na fedha ya boya moja, na faraja hiyo ndiyo iliyoimaliza. Anayemhurumia maskini hamwachi aende ziwani na mafuta badala ya boya.

Hapa lazima nijiseme mwenyewe. Chupa ile niliiona. Aliponiita kuombea mtumbwi mwanzoni mwa msimu, ilikuwa imefungwa kwa kamba pale mbele, na mimi nilisimama kando yake nikaomba, nikanyamaza. Niliogopa kwamba nikisema neno, kijana atahamia kwa wenzetu kama wengine walivyohama. Nililinda idadi ya washarika, nikampoteza msharika. Siandiki haya kama mwalimu aliye safi.

Kwa hiyo nimebadilisha utaratibu. Nikiitwa sasa kuombea mtumbwi, swali langu la kwanza ni maboya yako wapi, na nayahesabu. Idadi ikiwa pungufu ya watu, naketi na mwenye chombo tuzungumze kwanza juu ya kununua, na maombi yanasubiri. Wengine wamenikasirikia. Maombi yangu hayaongezi nguvu juu ya mbao. Ni kumkabidhi Mungu watu ambao sisi tumekwisha kuwatunza kwa akili alizotupa.

Kwenu mlio na chupa nyumbani, nawaomba jambo moja. Waefeso walipoamini, walivileta vitabu vyao vya uganga, vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha, wakaviteketeza mbele ya watu wote. Hawakuviuza ili kurudisha hasara. Nanyi msimpe jirani, wala msiweke akiba kwa siku mbaya. Mwageni, na hasara hiyo ikubalini. Kisha akitokea mtu msibani kumtafuta wa kulaumiwa, simameni mumnyamazishe, mapema kuliko nilivyofanya mimi.

Yule mama nilimjibu, “Hapana, mama. Hukumuua. Mlichogombania kilikuwa chakula cha mtoto wenu, na Mungu hajawahi kumzamisha mtu kwa sababu hiyo. Upepo ulipindua mtumbwi, naye hakuwa na boya. Aliyewauzia uongo atajibu, na mimi niliyenyamaza nitajibu.”

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza boya la kuvaa ni bei gani, kwa kuwa mdogo wake wa kiume naye huvua.