Kuku wa Kienyeji Anasingiziwa

Kiangazi cha mwaka juzi muuza vifaranga alifika kijijini kwetu, nje kidogo ya Manyoni, na pikipiki iliyobeba maboksi yenye matundu. Akakusanya watu chini ya mkwaju, akawaambia kuku wa kienyeji ni hasara yenye miguu: hatagi, hakui, anazurura tu. Ushauri wake ulikuwa mfupi. Chinjeni wote, safisheni mabanda, anzeni na chotara. Nyumba tatu zilifanya hivyo wiki ileile. Mimi nilinyamaza, kwa sababu baadhi ya maneno yake yalikuwa na ukweli ndani, na sikujua nianzie wapi kuuchambua. Haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa. Mengine ni ya wenzangu wanaompenda kuku huyu lakini wanamtetea kwa hoja zinazomuua.

Tuanze na hilo la kwamba hatagi. Ni kweli mtetea wa kijijini hutoa mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na kuku wa kisasa wa mayai hupita 280. Ila tazama anavyoutumia mwaka wake. Hutaga mayai 12 au 15, hulalia siku 21, kisha hutembea na vifaranga kwa karibu miezi mitatu. Mzunguko mzima ni kama wiki 17, kwa hiyo mwaka una mizunguko mitatu tu. Muda wote anaolea, hatagi. Yule wa kisasa halalii wala halei. Kazi hiyo hufanywa na mashine ya kutotolesha, taa ya joto na mtu anayelipwa. Kuku wetu anaifanya yote peke yake, halafu tunamhesabia mayai tu.

Muda huo unaweza kupunguzwa bila kuleta kuku mgeni hata mmoja. Waondoe vifaranga kwa mama wakifika wiki nne, walale mahali penye joto na wale vizuri. Mama hurudi kutaga, mzunguko unashuka hadi wiki 12 hivi, na mwaka unakuwa na mizunguko minne. Ipo njia nyingine iliyo bora zaidi. Kuku wa kwanza akianza kuatamia, mwachie yai moja bovu la kumshikilia, na mayai yake mazima yaweke mahali pa baridi, ncha nyembamba ikitazama chini, yasizidi siku kumi. Wakifika watatu walio tayari, walaze usiku mmoja. Siku ya saba yamulike mayai kwa tochi gizani: lenye mishipa myekundu libaki, lililo jeupe tupu litolewe. Wakiangua, vifaranga wote mpe koo mmoja aliye hodari, umkabidhi usiku. Wale wawili wengine watataga tena baada ya wiki chache.

Sasa niwageukie wenzangu. "Kienyeji haugui, damu yake ni ngumu." Sijui sentensi iliyoua kuku wengi kuliko hii. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, hakichagui damu. Kikiingia kwenye kundi lisilochanjwa, ndani ya wiki moja unaweza kubaki na kuku wawili kati ya 30. Unaona mmoja amesinzia pembeni, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani, mwingine shingo imepinda anatazama angani. Kesho yake ni watano. Mwenye kuku hukimbilia kuwauza wale wanaosimama bado, wanapelekwa mnadani ndani ya tenga, na kutoka mnadani ugonjwa unapanda pikipiki kwenda vijiji sita vingine. Ndivyo kiangazi hadi kiangazi tunavyorudi sifuri, na mwakani tunasema kuku wa kienyeji haongezeki.

Kinga ipo na si ghali. Chanjo ya I-2, ambayo asili yake ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ndiyo maana inaweza kufika vijijini kwetu ikiwa hai, ingawa haipaswi kuachwa juani. Ni tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo mzee sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wachangishane na kuchanja siku moja. Kumchanja wa kwako peke yake huku wa jirani wanashinda uani kwako ni nusu ya kazi. Wanaopendelea kuichanganya kwenye maji ya kunywa wajue kwamba tone la jicho hukinga vizuri zaidi, na kwamba maji ya bomba yenye klorini huiharibu chanjo. Yakae wazi usiku kucha kwanza.

"Tunatumia shubiri na mwarobaini, vinatosha." Kwa kideri havitoshi. Ni ugonjwa wa virusi na hauna dawa, si ya dukani wala ya porini. Bibi yangu alikuwa akiponda pilipili na majivu kila kiangazi, na kila kiangazi tulikula kuku wa kufa. Simcheki marehemu, chanjo hii haikuwapo enzi zake. Sisi tunayo.

Kwamba kienyeji hujitafutia chakula, hilo ni kweli masika na si kweli kiangazi. Mwezi wa tisa huku kwetu ardhi imekauka, wadudu wamezama, na kuku mkubwa anarudi jioni gole likiwa tupu. Kifaranga ndiye anayeumia zaidi kwa sababu anajenga mwili na anahitaji protini. Mkoa wetu wa Singida ni wa alizeti. Mashudu tunayo tele. Changanya na pumba na dagaa kidogo waliosagwa, uwape jioni wanaporudi. Mchwa nao ni wa bure: jaza chungu kilichovunjika kwa mabua makavu na kinyesi cha ng'ombe, lowesha, kigeuze mdomo chini juu ya tundu la mchwa jioni, asubuhi kifunue mbele ya vifaranga. Utaona mwenyewe wanavyokimbia.

Dai linaloniuma kuliko yote ni hili: "Ni wadogo kwa asili yao." Hapa naomba tujitazame sisi wafugaji. Disemba inafika, mnunuzi anakuja na matenga ya kwenda Dar es Salaam. Anamchagua nani? Jogoo aliyekua haraka, mwenye kifua kipana na miguu minene. Tunampa, kwa sababu bei yake ni nzuri. Sikukuu ya Idd vivyo hivyo. Anayebaki uani ni yule dhaifu ambaye mnunuzi alimkataa, na huyo ndiye anayepanda matetea wote mwaka unaofuata. Rudia jambo hilo miaka 20 uone utapata kuku wa ukubwa gani. Tumekuwa tukichagua udogo kwa mikono yetu, tukauita asili.

Na kosa la pili liko palepale. Jogoo akibaki miaka minne anawapanda binti zake, kisha wajukuu zake. Mayai yanakuwa viza, vifaranga wanatoka wanyonge. Dawa yake haigharimu hata shilingi: badilishana jogoo na mfugaji wa kijiji cha mbali kila mwaka, jogoo mmoja kwa matetea wanane hadi kumi. Mgeni umtenge wiki mbili kwanza kabla ya kumchanganya. Uwafunge kitambaa mguuni wale wenye sifa: jogoo aliyekua upesi kuliko wenzake, mtetea aliyetaga mengi na kulea bila kupoteza. Mayai ya kulalia yatoke kwao tu, mengine kaangeni. Mimi nimefanya hivi miaka mitano, na anayenitembelea sasa huuliza kama nimeleta mbegu ya nje.

Tena "kienyeji" si kuku mmoja. Kuna kuchi, mrefu na mzito. Kuna ching'wekwe mwenye umbo dogo. Kuna kishingo, ambaye shingo yake isiyo na manyoya humsaidia kutoa joto. Kuna nungunungu wa manyoya yaliyojikunja, kibwenzi wa kishungi, na bukini asiye na mkia, jina ambalo wazee wa pwani walikiitia kisiwa cha Madagaska. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kuku wa Tanzania wana asili ya Bara Hindi na ya Kusini-Mashariki mwa Asia, na mifupa ya kuku imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyostawi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walivuka bahari, wakazoea jua letu, magonjwa yetu na njaa yetu. Ukiwachinja wote wiki moja, hakuna boksi la vifaranga litakalokurudishia.

Hapo ndipo neno la mwisho la yule muuzaji linapoanguka. Alisema chotara ni kienyeji aliyeboreshwa, kwamba tutawazalisha wenyewe. Sina ugomvi na chotara. Kuroiler na Sasso hukua haraka, na mwenye fedha ya chakula anayetaka nyama ndani ya miezi minne afuge. Lakini ni machotara wa makusudi: wazazi wao wako kwa kampuni, na ukiwazalisha uani watoto wanatoka mchanganyiko, mmoja mkubwa, mwingine mdogo, sifa zimetawanyika. Na matetea wao kwa kawaida hawaatamii. Mwaka jana mmoja wa wale majirani watatu alinijia na mayai tisa kwenye kikapu, akaomba nimwazime koo. Nilimpa, na nikampa jogoo pia.

Lile la mayai marefu kutoa majogoo na ya mviringo kutoa matetea lisituchukulie muda. Jinsia ya kifaranga huamuliwa na mbegu ya mama kabla ganda halijaumbwa. Kiini cha njano nacho ni kazi ya majani mabichi na mahindi ya njano, si ya damu, kwa hiyo mnunuzi asikutambie kwa rangi.

Wanunuzi wa sikukuu watakuja tena na matenga yao. Kabla hawajafika, funga kitambaa mguuni mwa jogoo wako aliye bora kuliko wote, na bei yoyote watakayoitaja, mkatalie.