Densi si pambo la hafla: nani atamlipa mchezaji wa Homa Bay na Migori?

Juni 1, 2025 macho ya Kenya yalikuwa Homa Bay. Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa katika Uwanja wa Raila Odinga, na mwezi Agosti mji huo huo ukawa mwenyeji wa Kongamano la Ugatuzi. Kwa hafla kama hizi, ziwe za taifa au za kijijini, ratiba hubadilika kidogo tu: ngoma kabla ya hotuba, ngoma baada ya hotuba, na mgeni mashuhuri akishuka garini anapokelewa na vijana wanaotikisa mabega. Wote wanapiga makofi. Lakini kuna swali moja ambalo hotuba hazilijibu: huyu anayetikisa mabega, kesho anakula nini?

Swali hilo limekuwa zito zaidi mwaka huu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyopewa ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani yake kuna somo la Muziki na Densi. Yaani serikali imemwambia mtoto wa Rongo au Mbita kwamba densi ni masomo kama masomo mengine. Mzazi naye anauliza, na ana haki ya kuuliza: akimaliza, kazi iko wapi?

Tuanze na kile kilichopo. Kipaji si tatizo huku. Homa Bay na Migori ni nyumbani kwa ohangla, nyatiti, orutu na dodo, ile ngoma ya akina mama wa Kiluo. Wasuba wako visiwani Rusinga na Mfangano. Ukienda upande wa Kehancha, Wakuria wana ngoma zao, zikiwemo zile ambazo wachezaji huvaa viatu vizito vya mbao na bado wanaruka kama hawana kitu miguuni. Juu ya hayo yote, simu imeleta amapiano ya Afrika Kusini, hip hop na mitindo ya Lagos. Kijana wa Migori mjini anachanganya bega la ohangla na hatua za amapiano kwenye video ya sekunde thelathini, na haoni kama kuna cha ajabu hapo.

Mchanganyiko huo una historia. Mwaka 1996 Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la Gàara jijini Nairobi, kundi linalotajwa kuwa la kwanza la densi ya kisasa ya jukwaani nchini Kenya. Kazi yao iliyoitwa "Cleansing" ilipata tuzo katika mashindano ya watunzi wa densi wa Afrika yaliyofanyika Luanda, Angola, mwaka 1998. Linyekula baadaye alirudi Congo na kuanzisha Studios Kabako mwaka 2001, kwanza Kinshasa, kisha akahamishia kazi yake Kisangani. Hilo la Kisangani ndilo la kushika. Ule si mji mkuu wala hauko karibu na mji mkuu, lakini kazi inayotungwa kule inaonyeshwa Ulaya. Kwa hiyo wanaosema densi lazima uifuate Nairobi hawajamaliza hesabu.

Lakini tukubali, Nairobi ina vitu ambavyo kaunti hizi mbili hazina. Ina Bomas of Kenya, iliyoanzishwa 1971, ambako serikali yenyewe huajiri wachezaji. Ina Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo tangu 1952, na GoDown tangu 2003. Ukitaka kusomea fani hii chuoni, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki na densi, na karibu na huku kuna Maseno kwa muziki na maigizo. Kijana wa Ndhiwa anafanyia mazoezi uwanja wa shule au ukumbi wa kanisa, na kama sakafu ni ya saruji, magoti na vifundo vya miguu vinalipa gharama.

Sasa tuje kwenye doo. Ukifuatilia pesa ya densi huku utaona inatoka sehemu nne.

Ya kwanza ni shule. Muhula wa kwanza kuna tamasha za drama, wa pili kuna tamasha za muziki, na shule nyingi hutafuta mkufunzi wa nje awatungie ngoma. Ni kazi ya miezi, wanafunzi makumi kadhaa, mazoezi hadi jioni. Mapatano mara nyingi ni ya mdomo. Shule ikishinda, kikombe kinakaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mtunzi akipata nauli na kitu kidogo, anashukuru Mungu.

Ya pili ni vilabu na harusi, hasa usiku wa ohangla. Hapa kuna pakruok: mteja anatoa pesa, muziki unasimama, anajisifu au kumsifu rafiki yake, muziki unaendelea. Pesa hiyo inamwendea mwenye kipaza sauti. Mchezaji, ambaye ndiye anayewafanya watu wasimame vitini, anasubiri kiongozi wa bendi agawe anavyoona.

Ya tatu ni matanga. Msiba wa mtu mwenye jina unahitaji ngoma, na familia hugharamika. Ila hii ni riziki ya kusubiri mtu afe, na serikali imepiga marufuku disko matanga mara kadhaa kwa sababu za usalama wa watoto, hasa wasichana. Marufuku hayo yana maana. Tatizo ni kwamba jukwaa likifungwa, hakuna jingine linalofunguliwa.

Ya nne ni siasa, na hii inanukia sasa hivi kwa sababu uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja. Mikutano itahitaji vikundi vya kuwasha umati. Utapewa fulana, soda na ahadi. Mkutano ukivunjika kwa vurugu, aliye mbele kabisa ni mchezaji.

Ukiziangalia hizo nne kwa pamoja, kinachokosekana kote ni karatasi, wala si wateja. Na bila karatasi, sheria haikuoni. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamlinda mwajiriwa. Wewe unayeitwa shoo kwa shoo, ukianguka jukwaani utathibitishaje kwamba mtu alikuajiri? Bima ya afya ya SHA inamtaka asiye na mshahara alipe angalau Sh300 kwa mwezi, tena kwa mwaka mzima mara moja, yaani Sh3,600. Kwa mtu ambaye Aprili ana kazi tatu na Juni hana hata moja, hilo si jambo dogo.

Upande wa hakimiliki, sheria ya 2001 inamweka mchezaji densi miongoni mwa wasanii wenye haki juu ya onyesho lao kurekodiwa na kurushwa hewani. Lakini sheria hiyo hiyo hailindi wazo lililo kichwani. Inataka kazi iwe imeandikwa au kurekodiwa. Mtunzi ambaye hajawahi kurekodi ngoma yake kwa jina lake na tarehe atapata taabu kubwa kudai alipoikuta kwenye video ya mwingine.

Ndipo kaunti zinaingia. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya shughuli za kitamaduni na burudani za umma. Kifungu cha 11 kinataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumika, na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa kaunti jukumu la kuweka sajili. Kwa hiyo hii si hisani ya gavana.

Najua jibu litakalokuja: hospitali hazina dawa, barabara ni mbovu, wewe unaongea mambo ya densi? Hoja hiyo ina uzito. Ila kaunti tayari zinatumia pesa kwa ngoma kila zinapokuwa na hafla. Hatuombi bajeti mpya kabla ya kuuliza ile iliyopo inalipwaje. Kikundi kikialikwa, kipewe barua yenye kiasi, saa, usafiri, chakula na tarehe ya malipo. Barua hiyo haigharimu kitu. Ukumbi mmoja wa jamii katika kila kaunti ukiwekwa sakafu ya mbao, utatumiwa na shule asubuhi na vikundi jioni. Na wakati shule zinatafuta watu wa kufundisha Muziki na Densi, mkufunzi aliyetunga ngoma za tamasha miaka kumi asiachwe nje kwa kukosa cheti. Atafutiwe njia ya kupimwa ujuzi wake na kulipwa.

Wewe ambaye uko kwenye kikundi leo, usingoje kaunti. Sajilini kikundi. Kabla ya shoo, andikeni makubaliano hata kwa ujumbe wa simu, na uyahifadhi. Rekodini kila kazi mpya, mtaje mtunzi kwa jina. Kwenye usiku wa ohangla, kubalianeni na bendi mapema mgao wa pakruok, si baada ya saa tisa usiku watu wamelewa. Na kampeni zikianza, malipo yaje kwanza, fulana baadaye.

Yule wa Gredi ya 10 ana miaka mitatu kabla ya kumaliza. Akitoka na kukuta mambo yako vilevile, tutakuwa tumemfundisha kucheza tu, na mzazi wake atakuwa alisema kweli.