TAHARIRI: Tuhesabu Magunia, Tusihesabu Visiki



Siku hizi kwenye simu zetu zinazunguka video za eskaveta, ile ambayo mtaani tunaiita kijiko, lakini mahali pa ndoo kumefungwa kichwa cha kusaga chenye meno ya chuma. Kinashuka juu ya mti, mti unatafunwa kuanzia kileleni hadi chini, na dakika chache baadaye pale palipokuwa na kichaka pamebaki matandazo ya vipande vya miti. Wengi mnatuandikia na kuuliza: jamani, kwa nini nchi yetu isinunue mashine kama hizi, pori lote lisafishwe, vijana wapewe mashamba, habari ya ajira iishe?

Swali ni zuri na linastahili jibu la maana kuliko kelele za jukwaani. Msimamo wetu ni huu: mashine tunaitaka, lakini ekari iliyosafishwa bado siyo shamba. Serikali yoyote inayotutangazia ekari zilizofyekwa bila kutuambia zimetoa magunia mangapi inatuonyesha mwanzo wa kazi na kutuomba tupige makofi kana kwamba kazi imekwisha.

Tuanze na mashine yenyewe, maana mwanasiasa akijua hujui kitu ndipo anapokupiga chenga.

Kwa miaka mingi pori limesafishwa kwa buldoza. Buldoza ina nguvu na haraka yake hakuna anayeibishia. Shida ni kwamba blade yake haichagui. Inasukuma mti pamoja na udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, na vyote vinarundikwa pembeni kama matuta marefu. Baadaye matuta yanachomwa moto. Mkulima anabaki na eneo safi kwa macho, lakini rutuba iko pembeni na nyingine imepaa na moshi. Mvua ya kwanza ikija na kukuta udongo uko uchi, inachimba makorongo.

Kichwa cha kusaga kinafanya tofauti. Mti unasagwa pale pale uliposimama. Udongo hausukumwi, moto hauwashwi, na vipande vinabaki juu ya ardhi vikizuia jua kali na kupunguza kasi ya maji. Mizizi inabaki chini ikishikilia udongo. Na kwa kuwa kichwa kiko kwenye mkono mrefu wa eskaveta, opereta anaweza kufikia ukingo wa mfereji au sehemu ya mteremko bila kuipeleka mashine yote huko. Anaweza pia kuuzunguka mti anaotaka kuubakiza. Kwa kusafisha kingo za barabara, njia za umeme na mifereji ya umwagiliaji, hii ni kazi yake hasa.

Lakini kila mashine ina upande wa pili ambao muuzaji hautangazi. Mizizi ile ile inayoshikilia udongo ndiyo itakayochipua tena. Miti mingi ya nyika yetu ukiikata inarudi na machipukizi mengi kuliko mwanzo, kwa hiyo bila kurudi kufyeka msimu unaofuata, miaka michache tu pori liko pale pale. Visiki vilivyobaki chini vinavunja plau. Vipande vya miti vikichanganywa na udongo vikiwa bado vibichi, vijidudu vinavyoviozesha vinatumia nitrojeni iliyopo ardhini, na zao linatoka la njano hadi vipande hivyo vioze. Kiangazi, matandazo makavu yanaweza kushika moto. Na ngoma yenye meno inazunguka kwa kasi kubwa: jiwe au kipande cha mti kinaweza kuruka makumi ya mita, kwa hiyo siyo mashine ya kusogelea ili kupiga selfie. Mwisho kabisa, ina kiu ya dizeli, meno yake yanalika, na eneo kubwa sana linachukua muda mrefu kuliko buldoza.

Kwa kifupi, hakuna mashine ya miujiza. Kuna mashine inayofaa kazi fulani mahali fulani, na kuna watu wanaotakiwa kufikiri kabla ya kuiwasha.

Hilo la kufikiri kabla, nchi yetu ina somo lake, na liko Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakapanga mradi mkubwa wa karanga: zaidi ya ekari milioni 3 zisafishwe ndani ya miaka 6, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Wakaleta matrekta na mabuldoza yaliyotumika vitani. Baadaye wakageuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Wakafunga minyororo mizito kati ya mashine mbili ili kuburuta na kung'oa miti.

Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Hadi mwisho wa 1947 walikuwa na takriban ekari 7,500. Mizizi ya nyika ilikuwa inavunja vyuma. Mashine chakavu zikawa zinalala karakana kuliko zinavyofanya kazi. Lakini hata pale pori liliposhindwa, ndipo tatizo kubwa zaidi lilipoonekana: udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, ukikauka unakuwa mgumu kama tofali, na karanga huzaa chini ya ardhi. Mvua nazo zilikuwa chache na za kubahatisha. Mgogo yeyote aliyelima pale angewaambia hayo kabla hawajashusha mashine ya kwanza, lakini mpango ulikuwa umeshaandikwa.

Wafanyakazi Waafrika waliokuwa wakikata pori hilo kwa ujira mdogo waligoma mwaka huo huo wa 1947. Januari 1951 mradi ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimekwenda na maji. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe. Kumbe ardhi ilikuwa na kazi yake, ila haikuwa ile waliyoiamulia.

Kwa nini tunakumbusha habari ya miaka zaidi ya 70 iliyopita? Kwa sababu ni mkoa huo huo wa Dodoma ambako Machi 2023, pale Chinangali wilayani Chamwino, Rais alizindua mashamba makubwa ya pamoja ya mpango wa BBT, Jenga Kesho Iliyo Bora. Vijana 812 walichaguliwa awamu ya kwanza na kupelekwa vituo atamizi kujifunza kilimo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo imepanda kutoka takriban Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi zaidi ya Sh1.2 trilioni mwaka 2024/25.

Tuseme ukweli kama watu wazima: kuongeza bajeti ya kilimo ni jambo ambalo upinzani umelidai kwa miaka. Na kijana aliyeacha shughuli zake akaenda kujifunza kulima alizeti Dodoma hastahili kebehi kutoka kwetu. Anastahili kutetewa. BBT siyo mradi wa karanga, na wala hatusemi utaishia kama ule. Tunachosema ni kwamba maswali ambayo hayakuulizwa Kongwa tunayo haki ya kuyauliza leo, na kuyauliza siyo uchochezi.

Swali la kwanza: kabla mashine haijaingia, udongo ulipimwa? Matokeo yako wapi? Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, na kiasi chake hakifiki hata nusu ya kinachonyesha Bukoba. Shamba kubwa lililosafishwa kabla maji ya umwagiliaji hayajafika linabaki uchi likisubiri, na huku likisubiri linapigwa jua, upepo na mvua ya ghafla. Maji kwanza, mashine baadaye. Kinyume chake ni kununua sufuria wakati huna unga.

Swali la pili: mkandarasi analipwa kwa kipimo gani? Hapa ndipo upigaji unapojificha, na hatumtuhumu mtu, tunaeleza jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Ukimlipa mtu kwa saa za mashine, tuseme ekari inayoweza kuisha kwa saa 3 inaisha kwa saa 6 na hakuna wa kuuliza, maana dizeli ni ya umma na jua halina ankara. Ukimlipa kwa ekari bila kueleza ekari iliyokamilika ikoje, atakata juu juu, visiki vibaki, na kijana atakayekuja na trekta ndiye atakayelipa plau iliyovunjika. Mkataba mzuri unalipa kwa ekari iliyokaguliwa, unataja urefu wa kisiki kinachoruhusiwa, unataja miti ya kuachwa, na unamlazimisha mkandarasi kurudi msimu wa pili kushughulikia machipukizi.

Swali la tatu: kila kitu lazima kifyekwe? Mashine inayoweza kuchagua mti, halafu tukaiamuru isafishe mpaka upeo wa macho, tumeigeuza kuwa buldoza ya bei ghali. Iachwe mikanda ya miti ya kuzuia upepo. Iachwe mibuyu. Kingo za makorongo zisiguswe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa miradi mikubwa, na tathmini hiyo ifanyike kabla ya kazi, siyo iandikwe baadaye ili faili lijae.

Swali la nne: ardhi ilikuwa ya nani, na itakuwa ya nani? Linaloitwa pori, kwa mfugaji ni malisho na kwa mama wa kijijini ni kuni, mboga za mwituni na dawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi ya kijiji. Mashine isitangulie mkutano. Na kijana anayepewa eneo apewe karatasi ya kisheria inayomlinda, vinginevyo anaboresha shamba ambalo kesho atanyang'anywa kwa simu moja ya mkubwa.

Swali la tano: nani anakaa kwenye kiti cha opereta? Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imeendeleza utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. VETA inafundisha uendeshaji wa mitambo. Basi kazi ya kusafisha mashamba ya vijana iwe yenyewe ni ajira ya vijana: waendeshe mashine, wanoe meno yake, watengeneze haidroliki zake. Na pale ambapo kichaka ni chepesi, panga, shoka na sururu mikononi mwa kikundi kinacholipwa vizuri bado ni teknolojia halali. Siyo kila ekari inahitaji chuma cha mamilioni, na fedha inayolipwa kwa kikundi cha kijijini inabaki kijijini.

Sasa wewe unayesoma hapa ufanye nini? Ku-share tu haitoshi.

Kama kuna shamba la mpango wowote wa serikali karibu nawe, kusanyeni wenzako watatu au wanne mwandike barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ombeni vitu vitatu tu: ripoti ya udongo, mkataba wa usafishaji, na idadi ya magunia yaliyovunwa msimu uliopita. Andikeni kwa heshima, wekeni tarehe, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Wakijibu, tutachapisha majibu yao hapa bila kuyachakachua, hata kama yanawapendeza wao kuliko sisi. Wasipojibu, nalo ni jibu.

Hudhurieni pia mikutano ya kijiji. Tunajua inachosha, tunajua mwenyekiti anaweza kukunyima kipaza sauti. Lakini ardhi nyingi ya nchi hii haikupotea usiku. Ilipotea mchana, kwenye mikutano ambayo vijana hawakwenda.

Na viongozi wa chama chetu nao tunawaambia: kwenye halmashauri ambako tuna diwani, hata mmoja, maswali haya matano yaingie kwenye kumbukumbu za baraza. Hatuwezi kudai uwazi Dodoma huku kwenye kata zetu tukinyamaza.

Wakija tena na picha ya eskaveta inatafuna mti, usibishane na mashine. Mashine haina kosa. Muulize aliyeituma: udongo ulipimwa, maji yako wapi, nani analipwa, hati iko kwa nani, na mwaka jana mlivuna magunia mangapi?

Aluta continua.