Utafiti wa kwetu, ukumbi wa kwao

Nilikuwa kimya, asaimenti zilinikaba shingo. Leo nina mada inayowahusu zaidi wenzetu wa uandishi wa habari, ila wana-ualimu msikimbie, mbele mtaona inavyotugusa.

Swali lenyewe ni hili: makongamano ya wanaofundisha uandishi wa habari yanapangwa kwa ajili ya nani? Msimamo wangu nautoa mapema. Kikao ambacho utafiti wake hauwezi kusimuliwa kwa Kiswahili kwa yule mtu aliyetafitiwa, kimefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine imebaki kwenye begi la kongamano pamoja na kalamu ya bure na kijitabu.

Mtaniuliza kwa nini niwaandame wao wakati wahandisi na madaktari nao wana makongamano yao. Jibu ni rahisi. Mhandisi akizungumza na wahandisi wenzake namwelewa. Lakini mwalimu wa waandishi wa habari kazi yake yote ni kumfundisha kijana achukue jambo gumu na amweleze mwananchi mpaka alielewe. Kama utafiti wake mwenyewe hauwezi kupita mtihani huo, basi kuna tatizo.

Tusidharau kilichokwishafanyika. Hapa kwetu fani hii ina historia. Nyegezi, Mwanza, mafunzo yalianza 1960, na mwaka 1998 pakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilianza 1975, kikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Duniani nako, Juni 2007 walimu wa fani hii walikutana Singapore kwenye kongamano lao la kwanza la dunia, wakatoka na tamko la misingi 11 ya elimu ya uandishi wa habari. Hapo hapo UNESCO ikazindua mitaala yake ya mfano. Julai 2010 wakakutana Grahamstown, Afrika Kusini, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika.

Katika makongamano hayo kuna jambo moja nalipenda. Mbali na kusoma mada, washiriki wanagawanywa katika vikundi vidogo. Kila kikundi kinapewa suala moja, watu wanajadiliana, halafu wanaandika ripoti yenye mapendekezo. Yaani mtu haji tu kusoma karatasi yake na kuondoka, anakuja kufanya kazi na wenzake.

Sasa linganisha na kikao tulichokizoea. Dakika 90, mada nne. Kila mtoa mada dakika 15, na tatu za mwanzo zinaliwa na kutafuta waya wa projekta. Anasoma slaidi zenye maandishi madogo kama maelezo ya dawa. Mwenyekiti wa kikao anainua kikaratasi cha "dakika moja". Maswali yanabaki ya watu wawili, na mmoja wao hana swali, ana hotuba. Kisha chai na sambusa, picha ya pamoja, kwaheri. Niliwahi kukaa nyuma ya ukumbi kwenye kongamano la aina hiyo (jina kapuni), na mada mbili kati ya zile nne zilihusu wananchi wa vijijini. Mwananchi wa kijijini hata mmoja hakuwemo, na Kiswahili kilisikika wakati wa chai tu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu natoka upande wa Manchira, wilaya ya Serengeti. Bwawa la Manchira ndilo linalotegemewa kwa maji ya mji wa Mugumu. Mbuga iko jirani, na ukienda upande wa Tarime unakutana na mgodi wa North Mara. Sehemu kama hii watafiti hawakauki. Leo wanakuja wa tembo, kesho wa maji, keshokutwa wa ukeketaji. Watu wamejaza madodoso mpaka wanajua swali linalofuata. Mama mmoja jirani yetu aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, wewe si uko chuo? Hebu niambie, yale majibu tuliyotoa yalienda wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na naamini hata wengi waliouliza hayo maswali wasingekuwa nalo.

Nitoe mfano wa utafiti mzuri kabisa, ili msidhani napiga vita utafiti. Mwaka 2009 jarida la PLoS Biology lilichapisha kazi ya Katie Hampson na wenzake kuhusu kichaa cha mbwa, na takwimu zake zilitoka wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Walifuatilia nyumba kwa nyumba, mbwa gani kamng'ata nani na yule aliambukizwa na nani. Wakakuta kwamba kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa anaambukiza mbwa zaidi ya mmoja kidogo tu. Maana yake nini kwa mtu wa Manchira? Ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Ukichanja mbwa wa kutosha, mnyororo unakatika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wachanjwe angalau asilimia 70. Na kwa kuwa mbwa wanakufa na watoto wa mbwa wanazaliwa kila siku, chanjo inabidi irudiwe, ya mwaka juzi haitoshi.

Huo ni ujumbe wa dakika mbili redioni. Ongeza kwamba aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15 kisha awahi hospitali, kwa sababu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Hapo umeokoa mtoto wa mtu. Bila mwandishi aliyefundishwa kusoma utafiti, habari itakayotoka ni "mbwa mwenye kichaa ajeruhi watu", basi. Mwenye mbwa hatajua kwa nini ampeleke kwenye chanjo, na mwaka unaofuata habari itakuwa ile ile na majina mengine.

Mfano wa pili ni barabara. Mwaka 2010 mpango wa barabara ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti ulizua mjadala wa dunia nzima. Septemba mwaka huo wanasayansi 27 waliandika kwenye jarida la Nature kuupinga. Shauri likafika Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 ikazuia barabara ya lami kukatiza sehemu hiyo ya hifadhi. Sitaki kuanzisha ubishi wa nani alikuwa sahihi, nyumbu wana haki yao na mgonjwa anayesafirishwa kwenye vumbi ana yake. Ninachosema ni kwamba hoja nzito za kisayansi ziliandikwa kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo mtu wa Mugumu hakuyaona. Mwandishi wa karibu naye ndiye angepaswa kuwa daraja. Je, darasani alifundishwa kuifungua makala ya Nature, akaitoa hoja, akampelekea mzee wa kijiji aijibu, na jibu la mzee nalo akalirudisha kwa wanasayansi? Hilo ndilo somo ninalotaka lipangiwe kikao.

Na jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyoanzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Kama kuingia kwenye kazi kunapitia kwenye elimu, basi vyuo ndivyo vimeshika ufunguo wa mlango. Wenye ufunguo wakijifungia ukumbini peke yao, sisi tulio nje tutapata habari za aina gani?

Mapendekezo yangu ni haya, na hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Kwanza, kikao kiwe na mada tatu badala ya nne. Hizo dakika zinazookolewa zina kazi hapo chini.

Pili, kila ikisiri iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: tuliuliza nini, tulikuta nini, mwananchi afanye nini. Nakala moja irudi kwenye ofisi ya kijiji ulikofanyika utafiti.

Tatu, mwandishi wa redio ya jamii akae meza kuu. Apewe mada mapema, aandike habari ya dakika mbili, aisome mbele ya mtafiti. Mtafiti aseme wapi maana imepotoka, na mwandishi aseme wapi mtafiti hakueleweka. Wanafunzi wakishuhudia hiyo mara moja watajifunza kuliko lekcha tatu.

Nne, siku moja ya kongamano itoke hotelini. Huku Mara, kwa mfano, Bunda kuna redio ya jamii, Mazingira FM. Kikao kifanyike hewani, wasikilizaji wapige simu waulize.

Tano, tasnifu za wanafunzi zipewe kikao chao. Kila mwaka zinaandikwa, zinajaladiwa vizuri, kisha zinapangwa kabatini kula vumbi.

Najua mtanijibu. Wa kwanza atasema wahadhiri wanapanda vyeo kwa machapisho ya kimataifa, siyo kwa kurasa za Kiswahili. Kweli, na sijasema waache. Karatasi ya Kiingereza ibaki, naomba ukurasa mmoja tu juu yake. Wa pili atasema Kiswahili hakibebi mambo ya kitaalamu. Huyo amtembelee mwanafunzi yeyote wa CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, wanaofanya makongamano yao kwa Kiswahili na hakuna aliyeishiwa maneno. Majarida ya Kiswahili na Mulika nayo yamechapisha utafiti kwa lugha hii miaka nenda rudi. Wa tatu atasema redio itapotosha. Inawezekana kabisa, na ndiyo maana nataka ipotoshe mbele ya mtafiti, ukumbini, isahihishwe kabla haijaenda hewani.

Sasa wana-ualimu. Sisi tukienda mazoezi ya kufundisha tutakutana na watoto ambao wazazi wao ndio waliojaza hayo madodoso. Mtoto atauliza kwa nini mbwa wa kwao anachomwa sindano, au kwa nini barabara haipiti. Mwalimu atajibu kwa alichosikia redioni, na redio itasema kilichoandikwa na yule aliyefundishwa kwenye vyuo ninavyovisema. Kikao kikipangwa vibaya Dar es Salaam, anayelipa ni mtoto wa darasa la nne Manchira.

Kwa hiyo mdau, ukiwa kwenye kamati ya kupanga kongamano, hata la chama cha wanafunzi hapo chuoni, kabla hujachapisha ratiba jiulize: yule mama aliyejaza dodoso ana dakika ngapi kwenye ratiba hii? Kama ni sifuri, rudi mezani upange upya.

Nawasilisha. Wenye hoja tofauti karibuni, ila matusi hapana.