Miwani ya ajabu, na kidole cha mwanafunzi wa Thika

Ukivuka mto Chania na kuingia mji wa Thika, kuna shule ya wasioona ambayo Jeshi la Wokovu liliianzisha mwaka 1946. Huko mtoto husoma kwa kidole, kwa nukta nundu. Hapa kwetu Mombasa tunayo shule ya wasioona ya Likoni, na kidole kinafanya kazi ile ile.

Nimewakumbuka watoto hawa kwa sababu ya hii miwani ya uhalisia pepe, inayosifiwa kuwa ndiyo darasa la kesho. Ukiivaa unaona moyo wa binadamu ukidunda mbele yako. Ukiugusa, hupati kitu. Mkononi unasikia mtetemo mdogo tu, kama wa simu.

Wataalamu wa hisia wameshughulika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 1998, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walimficha mtu mkono wake, wakamwekea wa mpira mbele ya macho, kisha wakaipapasa mikono yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda mtu alihisi ule wa mpira ndio wake. Jicho lilikuwa limeushawishi mkono. Watengenezaji wengi wa miwani wanategemea udhaifu huo: wakilidanganya jicho, mkono utafuata.

Je, asiyekuwa na jicho la kudanganywa?

Tusiambiwe haiwezekani. Mwaka 2018 watafiti wa Microsoft walionyesha fimbo ya kutembelea ndani ya uhalisia pepe. Ikigonga meza isiyokuwepo, inazuiwa mkononi, inatetemeka na kutoa sauti ya mgongano. Waliijaribu na watu 9 wenye ulemavu wa kuona. Na Thika penyewe, shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka 2009 na Irene Mbari-Kirika, liliwafungulia wanafunzi wasioona maabara ya kompyuta zinazosoma skrini kwa sauti. Watoto walizitumia.

Kwa hivyo tatizo ni nani anayeulizwa kabla ya kununua, na wahenga walishasema asiyekuwepo na lake halipo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Haki hiyo haingoji kifaa kizoeleke kwanza kwa wenye macho.

Rai yangu kwa Wizara ya Elimu na kaunti zetu ni hii: kabla ya kutia saini zabuni yoyote ya vifaa vya kidijitali, vipelekwe kwanza Thika na Likoni, wavishike wanafunzi na walimu wao. Wakisema havina faida kwao, mwuzaji arudi akavirekebishe. La sivyo tutajenga darasa jipya kwa pesa za umma, na mlangoni tutawaacha watoto wale wale tuliowaacha jana.